Ishirini kwa Ukurasa

Mimi si wakili, na hilo nalisema mapema.
Swaleh Mbwarali, mpiga chapa,
kibanda cha tatu kutoka lango la mahakama,
mwavuli wa kampuni ya simu ulionyonyoka pindo,
kompyuta moja iliyofutika herufi ya R
na printa inayokohoa kama mvuta kiko.
Miaka kumi na tisa nauza karatasi.
Hati ya kiapo, mia mbili.
Ukurasa wa ziada, ishirini.
Ukiniuliza neno, nakujibu:
"Mimi naandika tu, mama. Sheria iko ng'ambo."

Ng'ambo ya barabara kuna ngazi za mbao, vibao vya shaba,
na swali la kwanza mlangoni
si jina lako.

Alikuja Alhamisi, Mwanakombo wa Mishomoroni,
mikono ingali na harufu ya iliki,
samansi kaifunga ndani ya leso, mafundo mawili,
kama mtu aliyebeba yai.
Nyumba ni yake. Ardhi si yake.
Hilo hapa Mombasa halina haja ya maelezo:
babu alijenga kwa udongo na makuti,
baba akaongeza matofali na bati,
kila mwezi wakalipa kodi ya kiwanja
kwa bwana mmoja mwenye daftari jekundu.
Bwana akafa. Daftari halikuonekana tena.
Sasa kuna mmiliki mpya, ana hati, ana wakili,
ana Kiingereza cha kurasa sita.

"Nisomee."
Nikasoma. Siku kumi na tano za kujibu.
Zimebaki tatu.
Kumi na mbili zilikwisha njiani:
mzee wa mtaa alichukua mia tano,
kijana wa suti aliyejiita karani, elfu nne,
naye simu yake haipatikani.

Niliwahi kunyamaza. Hili ndilo linalonikaa kooni.
Mwaka ule mvua ilipobomoa kuta za Kisauni,
mzee Nyundo aliniletea maneno ya kiapo.
Nikaona anakiri deni analolikana.
Nikapiga chapa. Kurasa tatu. Sitini.
"Weka sahihi hapa, mzee."
Nasikia siku hizi analala kwa mkwewe.

Basi nikazima printa.
"Twende," nikamwambia,
tukapita nyuma ya Marikiti, kwenye vumbi la pilipili,
hadi ukumbi wa chama cha mazishi
ambako Umazi Tsuma, msaidizi wa sheria,
hukaa kila Alhamisi na meza ya plastiki,
foleni ikizunguka jeneza la akiba:
kibarua asiyelipwa, mjane wa pikipiki ya mkopo,
mtoto aliyetumwa kushika nafasi.

Umazi akasoma kwa Kiswahili, sentensi baada ya sentensi,
akasimama kwenye neno moja.
"Wanataka utoke, mama. Lakini wanaomba.
Hawajapewa."
"Wanaomba?"
"Wanaomba."
"Hata yeye mwenye hati?"
"Mbele ya hakimu, hata yeye."
Mwanakombo akakaa chini. Nilidhani analia.
Alikuwa anacheka, kidogo, kwa pua,
kisha akatoa mkobani kopo la maziwa ya unga:
risiti za miaka thelathini na moja,
nyingine zimeliwa na mende pembeni,
tarehe zikabaki.

Usiku ule nilichapa jibu, ukurasa mmoja tu.
Nilimtoza ishirini. Wino haujui huruma.
Bali nilimsomea kila mstari kabla ya sahihi,
na wakili wa kujitolea akaupitia bure
akiwa amesimama, funguo za gari mkononi.

Kesi haijaamuliwa. Imeahirishwa mara mbili.
Fedha za ule ukumbi ni za hadi Juni,
na baada ya Juni, Umazi mwenyewe hajui.

Lakini Mishomoroni, wananiambia,
akija mtu na karatasi yenye muhuri,
watoto wa mtaa humzunguka wakimuuliza:
"Unaamuru,
au unaomba?"